Maswali Yenu: Ekseli ya Waltham haikai kwenye Waltham

SWALI: Nimerithi saa ya mfukoni ya Waltham. Ekseli ya balansi, lile gurudumu linaloyumba kuongoza mwendo wa saa, imekatika ncha. Fundi ameijaribu ya Waltham nyingine, haikai. Si ndicho kiwanda kilichosifika kwa vipuri vinavyobadilishana? – Msomaji, Tanga

JIBU: Sifa hiyo ni ya haki, ila ilianzia kwenye bunduki. Ufaransa, mwaka 1785, fundi bunduki Honoré Blanc alimwonyesha Thomas Jefferson, mjumbe wa Marekani huko, vipande vya mitambo 50 ya bunduki za gumegume. Jefferson akaokota vipande ovyo, akaunganisha mitambo kadhaa mwenyewe, ikashikana barabara.

Karakana ya silaha ya serikali ya Marekani kule Springfield iliikomaza kazi hiyo kwa vigezo vya chuma, yaani vifaa vya kupimia kama kipande kina ukubwa unaotakiwa. Kila kipande kilijaribiwa kwenye kigezo chake, na kigezo cha fundi nacho kililinganishwa na kigezo mama kilichotunzwa pembeni, kwa kuwa chuma kinachosuguana kutwa hulika. Mashine peke yake isingetosha.

Fundi saa Aaron Dennison aliuona utaratibu wa Springfield akautaka kwenye saa, na mwaka 1854 kiwanda alichoanzisha na wenzake kikahamia Waltham, Massachusetts. Hapo ndipo ugumu ulipo. Ncha ya ekseli ya balansi ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Chuma kikishachomwa na kuzamishwa ili kiwe kigumu, lazima ncha ing'arishwe, na kila kung'arisha hupunguza kidogo, wala si sawasawa. Kwa hiyo kiwanda kilipima ncha, kikazichagulia vito (vijiwe vigumu ambamo ncha huzunguka) vyenye tundu la kufaa, na vipimo kikaviandika chini ya namba ya saa.

Anza basi na namba iliyochongwa kwenye mashine ya saa yenyewe, ndani ya kasha. Ya kwenye kasha haisaidii, kwani makasha yaliuzwa peke yake na hubadilishwa. Namba itakupa toleo na saizi. Kisha fundi apime ekseli ya zamani kwa maikromita: unene wa ncha, urefu wote, na sehemu zinapokaa balansi na rola (kisahani kidogo kilichovikwa kwenye ekseli).

Ncha ya ekseli mpya ikiwa nene kuliko tundu la kito, ipunguzwe kwa kung'arisha. Ikisukumwa kwa nguvu kito hupasuka. Ikiwa nyembamba, saa itatembea, lakini majira yake ikilazwa yatapishana na ikisimamishwa. Ekseli ndefu hujulikana mara moja: balansi inacheza vizuri, ukikaza skrubu ya daraja, kile kipande kinachoishika balansi kwa juu, inasimama.