Kuhusu mgeni wako na misa ya Jumapili

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeupata. Yule mama Mmarekani mnayefanya naye kazi hapo Lubumbashi, aliyekuambia mkiwa mezani kwamba yeye ni padri Mkatoliki, anataka umpeleke misa Jumapili. Unauliza kama inafaa, ufanye nini akipanga mstari wa komunyo, na kama Padri aambiwe.

Mpeleke. Sheria ya Kanisa, pamoja na ukali wake, humkataza mtu aliyetengwa nalo, kama mwanamke aliyejaribu kupokea upadri, kuadhimisha misa, kupokea sakramenti na kushika huduma kwenye ibada. Kukaa benchi na kusali haimkatazi.

Mambo haya hayakuanza na mgeni wako. Mwaka 2002, miezi michache baada ya lava ya Nyiragongo kuimeza katedrali yetu hapa Goma, wanawake saba waliwekewa mikono wawe mapadri ndani ya mashua kwenye mto Danube, na askofu asiye na ushirika na Roma. Roma iliwatenga mwaka uleule. Tangu 2008 adhabu hiyo humshika papo hapo, bila kungoja hukumu, mwanamke yeyote anayejaribu kupokea upadri, pamoja na anayempa. Papa Yohane Paulo II alikwisha kusema mwaka 1994 kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadri. Mimi neno hilo nimelipokea, ingawa unajua vizuri ni akina nani wanaoongoza sala katika shirika letu, jumuiya ndogo ya waamini wa mtaa, wababa wakiwa na udhuru wao wa kila juma.

Kwenye komunyo, yeye anaijua hali yake kuliko wewe, nawe hukutumwa kulinda mstari. Usimshauri aende, usimshike nguo asiende. Akibaki benchi usimhurumie kwa sauti. Hata kwetu wengi hubaki, wale ambao ndoa zao hazijabarikiwa, na wamezoea watu kuwapita magotini.

Mimi naogopa zaidi matangazo. Unajua parokia zetu: wageni wasimame, wapewe mikro, wapigiwe makofi. Mweleze mapema kwamba jina na nchi vinatosha. Huo si uongo, maana hata daktari haulizwi kazi yake pale. Lakini akitamka upadri wake kwenye mikro, watu watasahau mahubiri, na wewe utajibu maswali hadi Pasaka. Na kama parokia yenu inafuata misa ya Zaire, ile namna yetu ya Kikongo ya kuadhimisha misa iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, mwambie toba na kupeana amani huja baada ya mahubiri na Nasadiki, asidhani padri amesahau.

Kuna jambo moja nakukatalia. Akikualika chumbani kwake aadhimishe mwenyewe, mkate na divai mezani, usiende. Yeye atakuwa anafuata dhamiri yake, lakini Kanisa lako haliihesabu hiyo kuwa misa, na adabu ya mgeni haikulazimishi kuitikia amina usiyoiamini. Mwalike kwako, msome Zaburi, mle ugali.

Padri naye? Habari ni ya mgeni, hivyo muulize yeye kwanza. Akikubali, nenda kwa Padri katikati ya juma. Usimfuate sakristia Jumapili, anatafuta stola na kwaya inamgombania funguo.

Mama yako, Goma