Picha ya bahari inang'aa ufukweni, ndani inaingia giza: tatizo ni nini?

Swali: Mwalimu, nina miaka 68 na nilianza kuchora baada ya kustaafu. Natumia rangi za akriliki, zile za kuchanganywa na maji, na ninachopenda ni kukaa ufukweni nichore bahari papo hapo. Nikiwa kule picha inanipendeza, lakini nikiitundika ndani naiona imeingia giza, na bahari ina rangi ya tope. Binti yangu anasema ni macho ya uzee. Je, ni macho, ni rangi, au ni mkono wangu? Na zile nilizokwisha kuchora zinaokoleka?

Jibu: Shikamoo mama. Mkono wako hauna kosa, na macho yana sehemu ndogo tu. Mshitakiwa mkuu ni jua linaloipiga turubai yako, yaani kitambaa unachochorea.

Jua la mchana lisilo na wingu hutoa mwanga wa takriban luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga), wakati chumba chenye taa usiku mara nyingi hakifiki 500. Turubai ikipigwa na jua moja kwa moja, hata bluu iliyokolea huonekana nyepesi, nawe unaongeza giza bila kujijua mpaka macho yaridhike. Ukiingia ndani, ule mwanga uliokuwa ukiibeba picha haupo tena. Akriliki nayo huongeza lake: gundi inayoshikilia rangi yake ikiwa mbichi ina weupe wa maziwa, na ikikauka weupe huo hutoweka, kwa hiyo rangi hushuka giza kidogo kuliko ulivyoipaka.

Dawa yake ni kivuli, na kivuli hicho kiifunike turubai pamoja na ubao wa kuchanganyia rangi. Kimoja kikiwa juani na kingine kivulini, utachanganya rangi hii na kupaka nyingine. Njia rahisi ni kuigeuza stendi inayobeba turubai mpaka uso wa turubai uwe kwenye kivuli chake wenyewe. Ila turubai nyembamba hupitisha jua kutoka nyuma, basi weka kadibodi mgongoni mwake. Ukitumia mwavuli, uwe mweupe au wa kijivu, maana mwavuli mwekundu utaipaka picha yote wekundu. Hata blauzi ya rangi kali huakisi kwenye turubai. Na usiufunge mwavuli kwenye stendi. Upepo wa bahari utaviangusha vyote viwili. Uchomeke mchangani peke yake, kisha stendi uining'inizie mfuko wa mchanga katikati ya miguu.

Kabla hujatoka, kaa ndani upake kwenye kipande cha kadi ngazi tano za kijivu, kutoka nyeupe hadi karibu na nyeusi. Kadi hiyo uende nayo. Kila unapochanganya rangi kubwa, ya anga, ya maji au ya mchanga, iweke kando ya kadi na uone imeangukia ngazi gani. Macho yanadanganyika juani, lakini kadi na rangi vikiwa kwenye mwanga mmoja, ulinganisho wake haubadiliki.

Sasa hilo tope. Nakisia mambo mawili. Kwanza, upepo na joto huikausha akriliki ndani ya dakika chache, na ukirudisha brashi juu ya rangi iliyokauka nusu, inabanduka na kuchafuana. Nyunyizia ubao maji mara kwa mara, na ukishapaka sehemu, iache. Pili, huenda unachora bahari nzima kwa bluu moja na kuipunguza mwanga kwa nyeusi. Tazama vizuri: maji yaliyo karibu na miguu unayaangalia kutoka juu, kwa hiyo unaona ndani yake, mchanga na kina. Ya mbali unayaangalia kwa mshazari, nayo yanaakisi anga. Wimbi linaloinuka mbele yako lina pande mbili: uso unaokutazama huonyesha rangi ya maji yenyewe, mara nyingi kijani, na mgongo wake umebeba anga. Povu lililo kivulini si jeupe kamwe. Lilinganishe na mchanga ulio juani, utalikuta lina giza zaidi. Mtu akilishika hili la povu, nusu ya bahari ameipata.

Kuhusu macho, binti hajakosea kabisa. Kadiri umri unavyosogea, lenzi ya jicho huwa ya manjano na kupunguza bluu, na mboni haifunguki kama zamani. Lakini bahari na rangi zako unazitazama kwa jicho hilohilo, kwa hiyo sehemu kubwa ya kosa hujifuta. Mtoto wa jicho ni jambo jingine: huleta ukungu na mng'ao unaotawanyika. Mchoraji Mfaransa Claude Monet aliambiwa anao mwaka 1912, akafanyiwa upasuaji 1923, na picha za miaka hiyo ya katikati zimeelemea wekundu na hudhurungi. Ukianza kuona duara la mwanga kuzunguka taa, nenda kwa daktari wa macho. Mweleze pia kwamba unachora, na umpimie umbali wa turubai yako, kwa sababu miwani ya kusomea huwa ya karibu mno kwa kazi hiyo.

Miwani ya jua ivue unapochanganya rangi, hasa ile inayokata mng'ao wa maji, kwani mng'ao huo ndio unaouchora. Vaa kofia yenye ukingo mpana. Miwani uivae unapopumzika.

Picha za zamani zinaokoleka, kwani akriliki iliyokauka hupakwa juu yake bila shida. Zitazame ndani, mchana, mbali na dirisha lenye jua, na uanze na anga, kisha ile sehemu ya bahari inayoiakisi; mara nyingi hizo mbili zinatosha. Kabla ya hapo futa uso wa picha kwa kitambaa chenye unyevu na uuache ukauke, maana chumvi ya bahari ikibaki, rangi mpya haitashika sawasawa.