Nina sola, mbona tokeni bado zaisha upesi?

SWALI: Nina nyumba ya kupangisha wageni, vyumba vitatu vyenye viyoyozi. Nilifungiwa paneli za kilowati 5, bila betri. Stima ikipotea, sola nayo yazima hata kama ni jua la saa saba mchana. Tokeni nazo zaisha upesi kuliko zamani! Fundi asema dawa ni betri kubwa. Ninunue?
Msomaji, Bamburi

JIBU: Dadangu, usitoe pesa kwanza. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na betri inatibu moja tu, tena nusunusu.

Sola kuzima si ubovu. Inveta ya aina yako, yaani kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, hufuata umeme wa gridi, yaani wa nyaya za Kenya Power, volti 240 na hezi 50. Gridi ikikatika hujizima makusudi, isije ikarudisha umeme kwenye waya ambao fundi wa Kenya Power ameushika akijua umekufa. Inveta isiyozima ndiyo ya kuogopa.

Kwenye tokeni ndiko penye kazi. Mita nyingi za tokeni hazitofautishi umeme unaoingia na unaotoka, kwa hiyo ziada ya paneli ikienda kwenye gridi, wahesabiwa umeitumia. Jipimie: siku ya jua, saa sita mchana, zima kila kitu ndani, uache sola peke yake. Andika salio la mita, ngoja nusu saa, usome tena. Likiwa limepungua sana, dada, wanunua jua lako mwenyewe.

Tiba ya haraka ni kufunga kifaa cha kupima mkondo kwenye waya mkuu, kisha inveta ipangwe isitoe ziada nje. Inveta nyingi za siku hizi zina mpangilio huo, ila kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati. Njia ya pili ni kuomba mita ya pande mbili chini ya kanuni za 2024, zilizotokana na Sheria ya Nishati ya 2019. Lakini usiione kuwa biashara: ukipeleka uniti 10 wahesabiwa 5, na si pesa mkononi.

Ndiyo maana uniti unayoitumia mchana ina thamani kuliko unayoipeleka nje. Paneli zako, siku ya jua zuri, zatoa yapata uniti 20 (uniti moja ni kilowati 1 ikitumika saa nzima). Pampu ya maji, mashine ya kufua na pasi ya mashuka zifanye kazi kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa. Wageni wataka ubaridi usiku, najua. Basi anza kupoza vyumba alasiri, madirisha na mapazia yakiwa yamefungwa, viyoyozi visianze kupigana na joto la kuta jua limeshatua.

Betri ije mwisho, tena ndogo. Kiyoyozi kimoja cha kawaida chaweza kula karibu kilowati 1 kikiwa kazini, kwa hiyo betri ya uniti 5 haikitoshi hata usiku mmoja, sembuse vitatu. Inunue kwa ajili ya friji, taa, feni na intaneti. Na uulize kwanza kama inveta uliyonayo inapokea betri. Za gridi pekee hazipokei, na hiyo ni gharama ambayo mafundi wengine huitaja baada ya kupokea malipo ya kwanza.

Upande wa Kenya Power nao una deni. Mahitaji ya nchi hupanda sana jioni, sola zimelala, ilhali usiku wa manane mitambo ya mvuke wa ardhini ya Olkaria yaendelea kuzalisha umeme. Viwanda na magari ya umeme vimepewa bei nafuu ya usiku. Bei ya majumbani bado hufuata wingi wa uniti, si saa. Kwa maoni yangu, nyumba zikipewa bei ya saa, hata wasio na sola watahamisha matumizi yao bila kuhubiriwa.

Mwisho, paneli zioshe alfajiri, zikiwa baridi, kwa maji matamu. Maji ya kisima chenye chumvi yakikaukia juu ya kioo huacha ukoko, na bolti za fremu, ambazo upepo wa bahari wazila tayari, zitakwisha mapema zaidi.