Fundi Anajibu: Bunduki za Rangi na Hewa ya Chumvi

SWALI: Kikundi chetu kina bunduki sita za kurushia vidonge vya rangi, zile za nyundo na springi, zinazotumia mitungi ya gesi ya kabonidayoksaidi. Tunachezea ufukweni Msimbati. Moja inavuja shingoni mwa mtungi. Nyingine ukibonyeza kifyatulio mara moja inapiga tatu nne mfululizo. Jirani anasema tupulizie dawa ya kulegeza kutu. Tufanyeje, na mvua zikianza tuzihifadhi vipi? (Msomaji, Shangani, Mtwara)

JIBU: Dawa ya kulegeza kutu waachieni wenye pikipiki. Ina viyeyushi vinavyovimbisha mipira ya ndani. Leo itateleza vizuri, wiki ijayo mtakuwa na mivujo mitatu badala ya mmoja.

Kabla ya tambara na kabla ya spana, toeni gesi. Kila aliye karibu avae kinyago, mtutu uvishwe soksi yake (mfuko wa kuzuia kidonge kisitoke), hopa, yaani chombo cha vidonge, ichomolewe bila kumwaga vidonge ndani ya chemba. Kisha fungueni mtungi polepole, robo mzunguko kwa robo mzunguko, macho yakiwa shingoni. Pale shingoni pana valvu, nayo ina maungio mawili: upande mmoja imeingia kwenye chupa, upande wa pili imeingia kwenye bunduki. Kinachotakiwa kufunguka ni huo upande wa bunduki. Ikitokea valvu imeng'ang'ania bunduki na chupa ndiyo inayozunguka, mzunguko wa mwisho utairusha chupa kama roketi, na kwa wenzetu ng'ambo watu wameshapoteza maisha hivyo. Kabla ya kuanza kuzungusha, chukueni rangi ya kucha, mchore mstari mmoja mwembamba unaoanzia kwenye valvu na kushuka hadi kwenye chupa. Mkiona nusu ya juu na nusu ya chini zimeachana hata kidogo, acheni kuzungusha hapo hapo. Elekezeni mtutu pasipo na mtu, fyatueni mpaka gesi iishe kabisa, ndipo mtungi uende kwa mtaalamu wa mitungi.

Mtungi ukishatoka salama, fyatueni tena mara mbili tatu hadi bunduki iwe kimya. Gesi kidogo hubaki ndani.

Huo mvujo wa shingoni ni oringi (pete ndogo ya kuziba gesi) iliyo mdomoni mwa valvu ya mtungi, saizi 015. Nyingi ni za mpira mweusi, ambao hunywa gesi hii, ukavimba, kisha ukapasuka mnapofungua mtungi. Nunueni za poliyurethani, ambazo aghalabu ni nyeupe au zinapenya mwanga, na muwe na akiba ya kumi hivi. Gesi ikitokea mdomoni mwa mtutu badala ya shingoni, basi sili ya valvu ya ndani imekwisha, na hiyo ni kazi ya kufungua bodi.

Ile inayopiga mfululizo haijapata wazimu. Kila inapopiga, gesi huirudisha nyundo, kile chuma cha ndani kinachogonga valvu, nyuma hadi inaswe na kishikio chake. Gesi ikiwa chache nyundo hairudi mbali, hainaswi, inarudi mbele na kupiga tena. Kwa hiyo jaribuni kwanza na mtungi uliojaa, na mjazo hupimwa kwa mizani: ule wa aunsi 20 hubeba gramu 567 za gesi juu ya uzito wa chupa tupu. Hali ikibaki ile ile, nyundo imekauka, inahitaji mafuta. Ikigoma bado, ncha ya kishikio imelika. Bunduki hiyo isiingie uwanjani mpaka kibadilishwe. Na baada ya matengenezo yoyote, pimeni kasi kwa kipima kasi: isizidi mita 91 kwa sekunde, na uwanja ukiwa mdogo ishuke hadi 85 au chini zaidi.

Usafi wenyewe ni mwepesi. Rangi hiyo huyeyuka kwa maji, kwa hiyo petroli na tina hazina kazi hapa. Adui wenu Msimbati ni chumvi na mchanga. Futeni bodi kwa tambara lenye maji baridi yasiyo na chumvi, sugueni nyundo na bolti (kipande kinachosukuma kidonge mtutuni) kwa mswaki mkuukuu, pitisheni kifuto cha mpira ndani ya mtutu, kisha kausheni kila kitu. Mkipaka mafuta juu ya chumvi mmeifunika tu, nayo itaendelea kula chuma chini kwa chini. Mwishoni dondosheni matone matano au sita ya mafuta ya zana za upepo kwenye tundu la kuingizia gesi, fungeni mtungi, fyatueni mara kumi bila vidonge. Mafuta ya nazi hapana! Huganda chini ya nyuzi 24, na gesi hii ikitanuka hutoa baridi kali kuliko hiyo.

Za kuhifadhi ziwe hazijakokwa, ili springi ipumzike. Mabegi yenye sponji hushika unyevu. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana ni bora, pamoja na vifuko vipya vya silika (vile vya kwenye maboksi ya viatu vilishachoka zamani). Zikagueni kila mwezi. Mitungi ikae mbali nazo, isimame, chumba chenye ubaridi, isiwe darini chini ya mabati wala kwenye bajaji iliyoegeshwa juani: joto likipita nyuzi 31 gesi hiyo haiwezi tena kubaki kimiminika, na mtungi uliojazwa kupita kiasi hupandisha shinikizo haraka sana. Njiani bunduki zifungeni ndani ya begi. Kwa mbali hakuna anayezitofautisha na bunduki za kweli.

SWALI: Vidonge vyetu vimeshikana na vinapasukia ndani ya mtutu. Tuviweke friji? Na vinavyodondoka mchangani tuviokote? (Msomaji, Kilwa Masoko)

JIBU: Friji hapana. Gamba ni jelatini: baridi hulifanya livunjike ovyo, na mkivitoa nje hutoka jasho na kunata zaidi. Weka kidonge mdomoni mwa mtutu uliosafishwa. Kikikwama mpaka ukisukume kwa nguvu, kimevimba, na kilichovimba hupasuka au huenda upande. Mfuko ubaki umefungwa, ugeuzwe kila wiki ili vya chini visibonyee. Vilivyoshikana tupeni. Vya mchangani pia, maana chembe moja ya mchanga yatosha kukwaruza mtutu na kupasua kidonge.

SWALI: Kioo cha kinyago kina ukungu hata nikikifuta kwa spiriti. (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Spiriti ndiyo inayokiharibu, hupasua plastiki kwa nyufa ndogo usizoziona. Tumia maji safi na kitambaa laini. Kama kioo ni cha tabaka mbili, usikitumbukize majini, kwani maji yakiingia katikati hayatoki. Kikipigwa kidonge kwa karibu, badilisha hata kama hakina alama.