Sheria ipo, ila mwaka ndo tatizo

Uliyeuliza kwani hakuna sheria ya kulinda majengo ya zamani Dar, ipo bana, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, shida ni kwamba jengo linalindwa lenyewe moja kwa moja kama lilijengwa kabla ya 1863, la baada ya hapo mpaka waziri alitangaze kwenye gazeti la serikali. Sasa piga hesabu mwenyewe, Boma la Kale pale mbele ya feri ya Zanzibar alilijenga Sultan Majid 1866-67 na ndo miongoni mwa majengo ya zamani kabisa mjini! Ya Mjerumani yote yamekuja baadae. Na Salamander, lile jengo la zamani la mtaa wa Samora, likavunjwa, leo ni ghorofa la vioo na jina limebaki ukutani.

Ila mi kinachoniuma zaidi ni Kariakoo, maana zile nyumba za Kiswahili hakuna hata aliyeziita urithi. Baraza mbele wazee wanacheza bao, korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, uani mwembe na jiko la mkaa. Mwenye nyumba anafuatwa na mtu mwenye hela, anaambiwa kiwanja chako ghorofa langu tugawane fremu, na kodi ya fremu moja inazidi ya vyumba vyote sita, we ungekataa? Mi nisingekataa, na hapo nalalamika.