Jibu: Shahada kwanza au darasa kwanza?
Ndugu, umeuliza kama uzoefu wako wa kufundisha wageni Kiswahili hapo Unguja unatosha, au urudi chuo ukasomee ualimu. Wanafunzi usiwaache, ila nadharia isome. Uzoefu umeshakuonyesha kwamba mgeni atasema "kitabu yangu" hata umsahihishe mara ngapi, lakini sababu yake haukwambii. Mwaka 1972 mtaalamu wa isimu Larry Selinker alieleza kwamba mwanafunzi hujijengea lugha ya kati, baina ya lugha yake na ile anayojifunza, yenye kanuni zake, si fujo tu. Ukilijua hilo, huendi ukimkatiza kila sentensi. Unampa ngeli mojamoja, aisikie sana kwanza. Lakini kumtoa haya mtu mzima anayeogopa kufungua mdomo? Hilo chuoni hawafundishi, mimi angalau hawakunifundisha. Ada ikikushinda, tafuta kozi fupi ya likizo.