Kabla ya Kubisha Hodi kwenye Nyumba ya Watoto Yatima Urusi

Vijana wetu wanaosoma Urusi na katika nchi nyingine zilizokuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti hualikwa mara kwa mara kutembelea nyumba za watoto yatima, hasa Mwaka Mpya unapokaribia. Nilisoma Voronezh, kusini mwa Moscow, mwishoni mwa miaka ya 1990, na nyumba mojawapo niliizoea kiasi kwamba walezi waliacha kuniuliza nimefuata nini.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba wengi wa watoto hao si yatima, kwa kuwa wazazi wao wako hai. Baada ya Muungano kuvunjika mwaka 1991, walimu na wafanyakazi wa viwanda walikaa miezi bila mishahara, na viwanda vingine viliwalipa kwa bidhaa zao wenyewe, ndiyo maana kwenye stesheni za treni ungekuta watu wazima wamesimama wakiuza sahani au taulo. Agosti 1998 rubo, sarafu ya Urusi, iliporomoka, kutoka takriban 6 kwa dola moja hadi zaidi ya 20 kabla mwaka haujaisha. Waliokuwa na shamba dogo nje ya mji waliponea viazi na matango ya kutia chumvi waliyoyahifadhi kwenye mitungi ya kioo. Bibi aliyelinda mlango wa bweni letu alikuwa mmoja wao, na wakati wa baridi hakukubali nitoke kabla hajakagua kofia yangu. Familia ambazo hazikuwa na shamba wala bibi, au ambazo vodka ilikuwa imeshika usukani, ndizo zilizowapeleka watoto wao serikalini. Wengine walinyang'anywa haki ya uzazi na mahakama, na wengine waliandika barua wenyewe wakiomba mtoto atunzwe kwa muda, muda ambao mara nyingi haukuwa na mwisho.

Kwa hiyo usimwite mtoto yeyote yatima mbele yake, wala usimhurumie kwa kukosa mama ambaye pengine anamsubiri Jumapili. Jihadhari pia unapouliza habari za ndugu. Watoto wachanga hadi miaka mitatu au minne walikuwa chini ya wizara ya afya, wakubwa zaidi chini ya wizara ya elimu, na wenye ulemavu mkubwa chini ya wizara ya ustawi wa jamii, hivyo watoto wa tumbo moja waliweza kutawanywa katika nyumba tatu tofauti kwa sababu ya umri au kwa sababu ya kile alichoandika daktari.

Adabu za mlangoni hazina ugumu. Mkuu wa nyumba mwite kwa jina lake pamoja na jina la baba yake, vua viatu unapoonyeshwa ndala, na ukibeba maua, idadi isigawanyike kwa mbili, kwa sababu hayo ni ya msibani.

Kuhusu zawadi, nitasema bila kuficha kwamba peremende na midoli ya manyoya vinamfurahisha zaidi mgeni. Desemba zawadi hufurika, Februari hakuna anayekuja, na midoli mizuri nimeiona ikipangwa juu ya kabati lililofungwa kwa ufunguo ili isiharibike. Mwulize mlezi kinachohitajika naye atakutajia soksi ndefu za kubana, buti za theluji, sabuni na dawa ya meno.

Wadogo watakukimbilia. Mmoja, aliyekuwa na tetekuwanga na amepakwa uso mzima madoa ya dawa ya kijani ambayo Warusi hupaka vipele, alinitazama kwa makini kisha akaniuliza mimi nimepakwa dawa gani. Utacheka, lakini tambua kwamba mtoto anayemrukia kila mgeni amezoea kulelewa kwa zamu na watu wanaokuja na kuondoka. Kama huwezi kurudi kwa siku ileile kila wiki au kila mwezi, ni afadhali utume vitu na usiende. Na kama unaweza, mwambie mapema lini itakuwa mara ya mwisho. Usiahidi kumchukua. Desemba 2012, Urusi ilipowapiga marufuku Wamarekani kuasili watoto wake, walikuwepo watoto waliokwisha kukutana na wazazi watarajiwa, na hawakuchukuliwa.

Wanaosahaulika zaidi ni wenye miaka 16 na 17. Sheria ya mwaka 1996 inawapa haki ya makazi wanapotoka, ingawa foleni yake ni ndefu, lakini nyumba bila kujua kujitegemea haitoshi: kwa kuwa chakula chote kilitoka jiko kuu, nilikutana na kijana mrefu kunizidi aliyeamini kwamba chai hutoka kwenye birika ikiwa tayari ina sukari. Agizo la serikali la mwaka 2014 lilitaka waishi katika vikundi vidogo vinavyofanana na familia, na hapo ndipo mgeni anaweza kufaa kweli: kupika nao, kwenda nao sokoni, kuwafundisha kupanga matumizi ya wiki nzima. Pilau ni pa kuanzia pazuri, kwa sababu wanaijua na kuipenda. Omba ruhusa kwa mkuu mapema, na uchukue cheti cha afya kabisa, kwani bila hicho huenda usiruhusiwe kugusa sufuria.